Mkia wa Tepu Yako, Fyuzi

Mtani wangu Hamisi Fyuzi,

Salamu sikupi. Nilikupa nyingi ukiwa hai na nusu yake hukuitikia, kichwa umekiingiza kwenye boneti ya mtu. Nakuandikia kwenye daftari alilolichoka mjukuu wangu. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza. Vumilia. Huko uliko huna haraka.

Mkeo hajambo, amenenepa. Nadhani ni kwa kupumzika kelele zako. Mikorosho imechanua vizuri huku kwetu Nachingwea, na goti langu la kushoto bado linalia kama breki zilizokwisha.

Sasa jambo lililonikalisha. Ile taa ya injini kwenye gari la binti yako Somoe nimeikamata. Unakumbuka, ndiyo kazi yako ya mwisho. Uliitengeneza, taa ikazimika, wiki mbili hazijaisha ikawaka tena, na wewe ukalala kitandani usiamke. Somoe akabaki anaendesha kwenda kufundisha Ruangwa na kurudi, gari halina kasoro barabarani, lakini kitaa kile cha njano kinamkodolea macho njia nzima.

Na mimi nilifanya nini? Siku ya msiba nilivaa ovaroli lako, nikachechemea kama wewe, nikashika bisibisi kwa mkono unaotetemeka vile mkono wako ulivyoanza kutetemeka mwaka ule wa mwisho. Wanawake walicheka huku machozi yanawatoka. Huo ulikuwa utani, mimi Mmakua na wewe Mmwera, ni haki yangu, na ungenifanyia vibaya zaidi. Lakini baadaye, kwenye benchi la kahawa, watu wakiniuliza habari ya ile taa, niliwajibu bila kucheka: "Mzee mikono ilikwisha. Waya hakuufunga sawasawa." Huo haukuwa utani, Fyuzi. Maneno yakatembea, yakamfika Somoe.

Akaja kwangu na gari na mfuko wako wa vifaa. Akasema, "Baba mdogo, nataka kujua tu. Baba aliharibu au hakuharibu?" Kisha akakaa kwenye kile kiti chako kibovu, kama mtu anayengoja majibu ya hospitali.

Nikaanza. Fundi mmoja wa Ruangwa alikuwa amelipima kwa mashine, nayo ilisema kosa liko kwenye umeme wa ile valvu ya mvuke wa petroli, ile ya nyuma karibu na tangi. Nikakumbuka ulivyonieleza habari zake mara ya kwanza, umekula muhogo mdomo umejaa: petroli ikipata joto tangini inatoa mvuke, mvuke unakwenda kwenye mkebe wenye mkaa, mkaa unaushika, halafu injini inauvuta na kuuchoma. Valvu ndizo milango, na kompyuta ndiyo inayoifungua na kuifunga. Nikakuuliza, "Kwa hiyo hili ni gari linaloona haya kujamba mbele za watu?" Ukasema, "Ndiyo, lina adabu kukushinda." Nimekaa na jambo hilo siku nyingi. Nani huko kiwandani alikaa akawaza kwamba hata pumzi ya tangi isipotee? Ningependa kumwona mtu huyo, nimuulize kama mkewe anamwelewa.

Basi nikachomoa plagi ya valvu, nikawasha swichi, nikaweka mita. Volti kumi na mbili, kamili kabisa. Nikamwambia Somoe umeme upo, valvu imekufa. Nikafunga nyingine niliyoipata kwenye gari bovu. Taa ikazimwa kwa mashine, siku ya pili ikawaka. Nikapima tena, kumi na mbili zile zile. Nikakuna kichwa hadi kofia ikadondoka. Umeme upo, valvu nzima, na kompyuta inasema umeme haufiki. Mmoja kati yetu watatu, mita, kompyuta na mimi, alikuwa mwongo, na nilijipa nafasi ya mwisho kwenye orodha.

Hapo Somoe akatoa kwenye mfuko wako wa vifaa ile taa yako ya kupimia. Balbu ya indiketa, nyaya mbili, na ncha ya sindano ya kushonea magunia ya korosho. Nilivyokuwa nikiicheka. Nilisema unatibu magari kwa dawa za kienyeji. Nawe ukasema, "Mita yako inaonja tu. Upe huo umeme kazi, uone kama una nguvu."

Nikaupa kazi. Nikafunga waya mmoja kwenye bodi ya gari, sindano nikaigusisha pale pale mita iliposoma kumi na mbili. Balbu haikuwaka. Ilibaki na kijiuzi chekundu ndani, kama jicho la mtu mwenye homa. Fyuzi, nilicheka peke yangu chini ya gari. Umeme wa kuonyesha mita upo, wa kuwasha hata indiketa haupo. Waya umekatika nyuzi zote ukabaki uzi mmoja.

Nikatambaa hadi mbele umeme unakotokea, nikarudi nyuma kuelekea valvu, nikitoboa waya kidogo kidogo. Nikafika kwenye kiungo chako, ile tepu nyeusi. Nikajiambia ni hapa, mikono ya mzee. Nikatoboa kabla yake: balbu ikawaka kama alfajiri. Nikatoboa baada yake: ikawaka vile vile. Ule mkia mdogo wa tepu ulioukunja mwishoni, kama ulivyofanya miaka yote ili anayekuja aufungue bila kisu, ulikuwepo. Nikauvuta. Ndani risasi ya kuungia imekaa laini, inang'aa, hakuna uzi mmoja uliochomoza. Mkono uliotetemeka ulifanya hivyo, sijui ulitulia vipi.

Shibiri mbili zaidi kuelekea valvu, balbu ikakataa. Pale waya unapopita chini ya mkanda wa tangi.

Tangi hilo nililishusha mimi ili wewe ufanye kazi yako, na nililirudisha mimi. Ulikuwa umechoka, umekaa kwenye kiti kile, ukasema, "Mtani, angalia waya usiubane." Nikakujibu, "Kaa na umeme wako, vyuma niachie mimi." Nikakaza. Niliukaza waya pamoja na mkanda, na makorongo ya njia ya Ruangwa yakausaga taratibu.

Nilitoka chini ya gari nikamwambia Somoe pale pale, mchanga ungali mgongoni. "Baba yako hakuharibu. Niliharibu mimi." Akaniomba nimwonyeshe kiungo. Akalala chini na gauni lake la kazini, akakiangalia, akaushika ule mkia kwa vidole viwili. Alipotoka akasema, "Hata zawadi za sikukuu alikuwa anazifunga hivi," akacheka, halafu hakucheka. Ile taa yako ya sindano ameichukua yeye. Niliitaka, sikuthubutu kuiomba.

Nimeunga waya, nimeupitisha juu ya mkanda unakotakiwa. Juzi amekwenda Ruangwa na kurudi, kitaa kimelala. Kiungo changu ni kibaya kuliko chako, lakini na mimi nimekunja mkia.

Ijumaa baada ya swala nitakwenda kwenye lile benchi la kahawa, niwaambie wale wale, nikianza na yule mwenye mdomo mkubwa kuliko wangu. Nitasema mkono wako haukukosea na wangu ulikosea. Watanicheka mpaka masika. Wewe kaa ukijua umeshinda, ila usivimbe sana, shimo tulilokuchimbia halina nafasi.

Lala salama, Mmwera mbishi. Nami nikifika huko, usinipokee na sindano ya magunia kunipima. Najua mwenyewe pale umeme wangu usipofika.

Mtani wako,
Issa wa Vyuma