Kanuni ya Kunyamaza Njiani: Kumbukumbu za Kikao Maalumu cha Kikundi cha Matembezi cha Hatua Njema, Mambrui

TAREHE: Jumamosi, 14 Juni 2025
MAHALI: Chumba cha madrasa, Mambrui

WALIOHUDHURIA
Bi Shekha Abdillahi – Mwenyekiti
Bi Sahla Zuhair – Makamu wa Mwenyekiti
Lubna Umair – Katibu
Mapenzi Charo – Mwanachama
Wanachama wengine watano, kama walivyotia sahihi daftarini

MWALIKWA: Caroline Randu – Muuguzi wa zahanati
ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU: Hannah Kazungu (yuko matangani Junju)
ASIYEHUDHURIA BILA UDHURU: Kasiva Kyalo (alionekana sokoni)

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi na dakika ishirini alasiri kwa dua, kila mmoja akaitikia kwa dini yake. Muuguzi alimwamkia Mwenyekiti shikamoo, akajibiwa marahaba, akaonyeshwa kiti. Mapenzi Charo aliketi karibu na mlango. Aliombwa asogee ndani, akasema pale panamtosha.

KUMB. NA. 2/6/2025: YATOKANAYO NA KIKAO CHA 12 APRILI
Ilikumbushwa kwamba kikao hicho kilipitisha kanuni ya kunyamaza njiani. Sababu iliyotolewa na Mwenyekiti wakati huo ni umbeya, kwani maneno ya harusi fulani yalisemwa matembezini yakafika nyumba ya bwana harusi kabla ya wasemaji kufika kwao. Adhabu ya atakayesema ni kusimamishwa matembezi matatu. Hakuna aliyepinga siku hiyo, hata Katibu.

KUMB. NA. 3/6/2025: TUKIO LA TAREHE 31 MEI
Mwenyekiti alieleza kwamba siku hiyo wanachama walitoka baada ya sala ya alfajiri kuelekea barabara ya lami, yeye akiwa mbele kama kawaida yake. Walipokaribia lami Mapenzi alianguka, akapelekwa zahanati kwa pikipiki. Tangu hapo waume wawili wamewakataza wake zao kutoka. Kwa hiyo alipendekeza Mapenzi aondolewe uanachama "kwa usalama wake na kwa heshima ya kikundi". Aliongeza kwamba Mapenzi hakuwahi kusema kuwa anatumia dawa za presha, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Mapenzi alijibu kwamba hakuficha, hakuulizwa. Alisema daktari ndiye aliyemwambia atembee. "Mamangu presha ilimlaza upande mmoja miaka sita, nikimgeuza mimi kitandani. Sitaki wanangu wanigeuze. Na nikiwa peke yangu sitoki, najijua. Mkinifuta hapa, mmenifunga ndani." Alisema pia kwamba siku ile aliinua mkono mara mbili kuomba wapunguze mwendo, lakini walio mbele hawageuki nyuma, na kusema ni kosa.

Bi Sahla alieleza kwamba mwendo haukuwa mkali, kwani saa yake ya mkononi, aliyoletewa na mwanawe kutoka Qatar, ilionyesha mapigo mia na kumi na nane tu. Ilidhihirika kwamba tangu Aprili kikundi kizima kimekuwa kikiongeza na kupunguza mwendo kwa kufuata saa hiyo, Bi Sahla akionyesha kwa vidole.

Katibu aliomba iandikwe, na kwa kuwa ndiye mwandishi ameandika, kwamba asubuhi ile alikuwa hatua tatu mbele ya Mapenzi na alisikia anavyohema. Hakusema neno kwa kuogopa kusimamishwa. Anaona haya mpaka leo.

KUMB. NA. 4/6/2025: MAELEZO YA MUUGUZI
Muuguzi alianza kwa kuuliza ile saa huvaliwa na wangapi. Alijibiwa mmoja. Akasema basi imepima moyo mmoja.

Alieleza kwamba makadirio ya kawaida ni kuchukua mia mbili na ishirini na kutoa umri wa mtu. Kinachobaki ndicho kikomo cha mapigo yake kwa dakika, na mwendo wa wastani humfikisha kati ya nusu na sehemu saba kwa kumi za kikomo hicho. Bi Sahla ana miaka arobaini na mmoja, hivyo mia na kumi na nane kwake ni wastani. Mapenzi ana hamsini na minane, na kwake idadi hiyo imeshavuka wastani. Hata hivyo alionya kwamba hesabu hii ni ya kukisia, na kwamba zipo dawa za presha zinazozuia mapigo yasipande. Anayezitumia aweza kuona idadi ndogo, akadhani hajafanya kitu, akazidi kujikaza.

Bi Sahla aliuliza, kama saa haitoshi, mtu apimwe na nini. Muuguzi alijibu kwamba apimwe kwa maneno. Anayeweza kuimba huku anatembea bado yuko mwendo mwepesi. Anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba yuko wastani, na huo ndio unaotakiwa, dakika mia na hamsini kwa juma. Anayetoa maneno mawili matatu kisha akakata ili avute pumzi yuko mwendo mkali, na mwenye presha asiuingie kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Mwanachama mmoja alisema polepole kwamba kumbe kipimo tulikuwa nacho, tukakipiga marufuku.

KUMB. NA. 5/6/2025: JARIBIO
Muuguzi aliwataka wanachama wazunguke ua wa madrasa kwa mwendo wao wa kila siku, na kila atakayetajwa aeleze upishi wa mkate wa sinia bila kusimama. Mapenzi aliambiwa aende kwa mwendo wake mwenyewe.

Bi Sahla alieleza tangu kuroweka mchele hadi makaa ya juu, akaongeza na jinsi mawifi zake wanavyouharibu. Mapenzi alieleza wote, akivuta pumzi penye hamira na penye iliki. Katika mzunguko wa nne alitajwa Mwenyekiti, aliyekuwa mbele. Alisema, "Mchele... waurowesha..." kisha akashika nguzo ya ukumbi.

Muuguzi alimketisha, akamshika mkono akimhesabia mapigo. Alimuuliza hali hii imeanza lini. Mwenyekiti alisema ni joto. Hakukuwa na joto.

KUMB. NA. 6/6/2025: MANENO YA MWENYEKITI NA MAAMUZI
Baada ya mapumziko ya dakika kumi Mwenyekiti alieleza kwamba kanuni ya kunyamaza hakuileta kwa ajili ya umbeya. Tangu Ramadhani amekuwa akitembea mbele huku kifua kinambana, na mtu akimsemesha hawezi kumjibu. Aliona wakinyamaza wote, hatajulikana. "Wanangu wangejua wangenikalisha ndani, wanitandikie kitanda. Mimi nimezoea kwenda mbele." Alisema Mapenzi alipoanguka aliogopa sana, na hofu yake ndiyo iliyotaka Mapenzi aondolewe.

Mapenzi alihama mlangoni, akaja kuketi karibu naye. Alisema, "Bi Shekha, mimi nilianguka nyuma mkanisikia kishindo. Wewe ungezima polepole huko mbele, sisi tukidhani ni ukali wako tu."

Iliamuliwa kwa kauli moja:
(a) Pendekezo la kumwondoa Mapenzi Charo limeondolewa na aliyelitoa.
(b) Kanuni ya kunyamaza imefutwa. Kila mwanachama atatembea na mwenzake na atamsemesha.
(c) Asiyeweza kumaliza sentensi ndiye atakayepanga mwendo wa wote.
(d) Mwenyekiti hatatembea mpaka apimwe moyo. Jumatatu tarehe 16 Juni atakwenda hospitali Malindi, na Mapenzi atamsindikiza.

KUMB. NA. 7/6/2025: KUFUNGA KIKAO
Kabla ya kufunga, Mwenyekiti alimwomba Katibu asiandike maneno yake ya KUMB. NA. 6, kwa kuwa kumbukumbu hizi husomwa na wengi, wakiwemo mabinti zake wawili. Katibu alikuwa tayari kukubali. Mapenzi aliuliza, bila kupandisha sauti, kama kuanguka kwake kumeandikwa. Katibu alijibu kwamba kumeandikwa.

Mwenyekiti alisema, "Andika. Na wanangu ntawasomea mwenyewe."

Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasorobo.

Sahihi: Shekha Abdillahi, Mwenyekiti
Sahihi: Lubna Umair, Katibu