Plastiki ya Jumapili

Mpendwa Baba,

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike pale juu ya shamba, na bado sijamwambia Mama. Nimejaribu kuomba, nimejaribu kunyamaza, vyote vimenishinda. Ndiyo maana nakuandikia wewe usiyeweza kunijibu.

Unakumbuka siku tuliyoenda kuchukua ile plastiki yako mjini Kericho? Stroki, kile kiharusi, ilikuwa imekuachia mguu wa kushoto usioweza kuinua vidole. Ukipiga hatua, vinakwaruza chini. Fundi wa hospitali alikupima kwa plasta, akakutengenezea kile kifaa cheupe cha kushika kifundo, chenye mikanda miwili, kinachoingia ndani ya kiatu. Akasema, "Mzee, hii ni ya kila siku. Usitembee bila hii." Nilikuwepo, Baba. Nilisikia vizuri kabisa.

Jumapili iliyofuata uliivaa, ukatembea mpaka kanisani. Ukapita mlango wa kanisa, ukaenda mpaka kwa jirani kuangalia ng'ombe wake, ukarudi, eti ulikuwa unasalimia tu. Ulimi ulikuwa bado mzito lakini ulicheka mpaka Mama akakuambia, "Wewe Mzee, ibada imeanza." Sikuwa nimekuona na furaha namna hiyo tangu uugue.

Halafu mimi, mjuaji, nikaivua, nikaipangusa, nikaitundika kwenye msumari pamoja na koti lako. Kwetu kitu kipya ni cha Jumapili. Hata viatu vyangu nikiwa mdogo mlivifungia sandukuni mpaka vikanibana. Nikaona haya matope yetu ya Mogogosiek yataiharibu kwa wiki moja, basi siku za kazi nikawa nakuvisha gumbuti za mpira bila hiyo plastiki. Hukubisha. Ulisema tu, "Sawa, mama," vile ulivyozoea kuniita.

Ile Alhamisi ya kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia, Mama alikubembeleza, "Njoo nawe kituoni, watu wakuone." Alikuwa ameshajitwika kikapu, akatangulia. Wewe ukanyoosha kidole kwenye msumari. Uliniomba, Baba, na mimi nikakwambia, "Hiyo ni ya kanisa. Utaichafua." Nikapiga magoti nikakuvalisha gumbuti kwa mikono yangu mwenyewe. Kwenye mtaro pale chini ya shamba la chai vidole vikanasa, ukaanguka, nyonga ikavunjika. Ukalazwa, na hukurudi ukiwa hai.

Sasa Mama anasema ni yeye aliyekuua. Kila mgeni anamwambia hivyo hivyo: "Ningemwacha tu akae nyumbani." Hachumi tena, majani yamekomaa mpaka majirani wanauliza. Wanawake wa kanisa wakija wanamfariji, halafu wananigeukia mimi na kunisifu vile nilivyokutunza. Nami nawamiminia chai, nasema asante. Najichukia, Baba.

Nimeogopa kusema kwa sababu nimebaki na yeye tu. Nilijiambia huzuni yake itaisha yenyewe, eti wajane wote huwa hivyo. Uongo. Nilikuwa najilinda mimi. Jana alikataa hata uji, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anataka kukufuata. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, sikujua niende wapi.

Siwezi kuwazika nyote wawili kwa mdomo wangu huu uliofungwa. Akinifukuza, nitaondoka. Akinipiga, nitakaa nipigwe. Yuko jikoni sasa, namsikia akikohoa kwa moshi. Nikishaandika jina langu hapa chini, naenda kumwambia ni mimi.

Saisere, Baba. Kwaheri.

Binti yako,
Chebet