Kitenge cha Mama

Jumamosi, Agosti

Eti wanausifu mshono wangu! Tumemzika Mama leo, watoto na wajukuu kumi na wanane, wote katika kitenge kimoja cha msiba. Nguo zote nimezishona kwa siku mbili.

Kaka Baraka alisimama kaburini akasema, "Mama yetu hakukosa kitu." Mwongo. Yeye alimtembelea lini?

Na mimi je? Wakati wa Pasaka Mama aliniletea kitenge chake hapa dukani kwangu Kabalagala, nimshonee gauni la kanisani. Kila akiuliza nilimjibu, "Subiri, Mama, wateja kwanza."

Tukirudi kutoka makaburini, binti yangu akaniuliza, "Mama, na Bibi ulimshonea lini?"

Nilimzaba kofi mbele za watu.

Kitenge cha Mama bado nimekikalia, nimekikunja kuwa mto wa kiti cha cherehani.