Neno Langu Katika Bango la Katubuka

Mpendwa mshauri, Bi Veneranda,

Niwie radhi kwa kunyamaza mwaka mzima. Zamani nilikuandikia kusahihisha sarufi ya safu yako, ila leo naomba msaada, kwa kuwa kosa ni langu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili hapa Ujiji, ninamlea mjukuu wangu Scola, mwenye miaka kumi na minne, tangu mama yake alipofariki, na furaha yake ya Jumamosi ilikuwa kwenda Katubuka kwenye chumba cha gemu cha mpwa wangu Feliksi, ambako alimchagua shujaa wa kike mwenye mkuki na kuwashinda wavulana hata wakamwita Mama Mkuki, naye akirudi alinisimulia mpaka ugali ukapoa. Mwezi wa tatu Feliksi alileta mabango mawili ya shujaa huyohuyo, la wavulana amevuliwa nusu ya nguo, la wasichana ameshikishwa kitana na kioo, na mkuki hauonekani kokote, akaniomba maneno ya kuandika juu yake, nilipouliza mkuki uko wapi alicheka, "Mjomba, wavulana wanataka kutazama, wasichana wanataka kupamba, biashara haina sarufi," nami nikaandika la wavulana "Mchague. Mchezee." na la wasichana "Msuke. Mpambe.", nikijidanganya kwamba "mchezee" ni kucheza kwa kumtumia, ingawa kila mtu anajua maana ya kumchezea mtu.

Wavulana walijua. Scola alipoingia walimwimbia "Mchezee! Mchezee!", mmoja akamvuta gauni likachanika, akarudi nyumbani akiwa na kiatu kimoja.

"Babu, maneno yale ni yako. Katubuka nzima hakuna mwingine anayeweka nukta baada ya neno moja."

Nikautazama mguu wake usio na kiatu.

"Katika bango la wavulana, yule dada ni mtenda au mtendwa?"

Nikajibu kama mwalimu: "Mtendwa. Kiambishi ni m-."

"Na la wasichana?"

"Mtendwa."

"Ahsante, Babu."

Tangu siku hiyo ananipa shikamoo na chakula, basi. Sasa anataka kuhamia kwa shangazi yake Kasulu shule zikifungwa, nami sijui kama nimwache aende au mzee kama mimi nimwombe radhi mtoto. Nikiamua nitakuandikia.

Mwalimu Mwinshehe, Ujiji

*

Mwalimu,

Uliponisahihisha "masaa" niliandika "saa" na sikununa. Nawe usinune.

Pole. Nyumba yenye watu wawili, mmoja akinyamaza, ni kaburi. Lakini wauza gemu walimnyang'anya yule mwanamke mkuki, Feliksi akatundika picha, na wewe ndiye uliyewapa wavulana kitenzi. Mtoto aliposimama mlangoni na gauni limechanika, ulimfundisha viambishi! Aibu.

Leo, kabla ya chakula, mwambie "Nimekosa", kisha nyamaza. Usieleze maana ya neno lolote. Jumamosi nenda Katubuka chumba kikiwa kimejaa, uchukue rangi na brashi, ufute mbele ya waliosoma, maana kosa husahihishwa pale lilipoandikwa. Feliksi akibisha, mkumbushe kwamba gauni lililochanika ni la mtoto wa ndugu yake. Kijana aliyelivuta, fika kwa wazazi wake. Wala usitunge maneno mapya. Hapo pabaki peupe.

Akitaka Kasulu bado, mfungie mzigo kwa mikono yako na umsindikize stendi.

Ahadi yako ya kuniandikia siipokei. Mwenye kuamua ni Scola. Akishaamua, aniandikie yeye, nawe usimsahihishe.

Veneranda