Taa ya Karambu

Majimbo, Embu
10 Aprili 1997

Baba mpendwa,

Hujambo? Mama naye, mguu umepoa? Mimi mzima, ila masikio ni yale yale tangu homa ya uti wa mgongo.

Juzi nilikuwa nachapa tasnifu ya Mwalimu Kithaka hapa nyumbani. Stima ikapotea, halafu ikarudi kwa nguvu, kitu ndani ya kompyuta kikaungua. Fundi Bundi amekitengeneza, lakini kurasa thelathini na nane hazikurudi. Mwalimu aliniandikia kwenye karatasi: “Nakupa wiki sita. Ukishindwa, nampelekea mwingine.”

Nimeanza upya.

Mwanao,
Karambu

Githongo
18 Aprili 1997

Binti yangu Karambu,

Barua imetupata wazima. Mama yako anatembea, hata jana alipalilia maharagwe.

Ofisini walikuachisha kazi kwa kuwa husikii simu. Sasa hata mashine inakukataa. Rudi nyumbani, mwanangu. Hakuna atakayekucheka.

Baba yako,
Mithika

Majimbo, Embu
2 Mei 1997

Baba,

Salamu nyingi. Nafurahi Mama ameshika jembe tena.

Sirudi. Nimenunua sanduku linaitwa UPS, zito kama jiwe la kusagia, lina betri ndani. Stima ikipotea linashikilia kompyuta dakika kumi, nihifadhi kazi na kuizima vizuri. Stima ikirudi vibaya, linaikinga.

Lakini onyo lake ni kulia, na mimi sisikii. Mara ya kwanza ilikuwa mchana, kompyuta inawaka tu, nikaendelea kuchapa mpaka betri ikaisha. Kurasa sita zikaenda. Nililia, Baba. Kisha nikanawa uso, nikaweka taa ndogo kando ya kompyuta, nimeichomeka ukutani, si kwenye sanduku. Taa ikizimika, najua stima imeenda.

Usiniambie nirudi kabla hujaona. Njoo.

Mwanao,
Karambu

Githongo
19 Mei 1997

Karambu,

Nilifika nyumbani salama kutoka kwako, mama yako akaniuliza habari zako kabla sijavua viatu.

Ijumaa ile sanduku lilipoanza kulia niliruka, chai ikanimwagikia, nikaja mbio nikuguse bega. Sikukuwahi. Ulikuwa umeshahifadhi kazi, unaizima mashine, wala hukugeuka. Nilirudi nikaketi kama mgeni. Na Mwalimu Kithaka alipopokea kurasa zake zote, alikusalimu kwa mikono miwili. Nilimwona.

Kuna jambo sikukwambia. Chini ya koti nilikuwa na gunia la kubebea nguo zako. Nililikunja tena, nikarudi nalo.

Sasa nimelijaza viazi. Mbae wa lori la kabichi atalishusha kwako Alhamisi. Kazi ikizidi, usilale njaa.

Baba yako,
Mithika