Tiketi Uliyodhani Umeifua

Mpendwa mke mwenzangu Akeyo,

Sitaanza kwa kukuuliza habari za mvua na za ng'ombe wa baba yako, maana ukiona nimekuwa mpole kiasi hicho utadhani kuna mtu amekufa. Hakuna aliyekufa. Mzee wetu ni mzima, bado anagonga mabati na kuunda masanduku ya wanafunzi. Mimi bado niko hapa Kibera, kijijini Raila, nakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki iliyokwisha kutolewa nyama, na bado nanuka vile vile ulivyoniacha. Lakini kuna neno nimelikalia tangu uondoke, na mwaka wa pili huu makalio yamechoka.

Unakumbuka sheria ya tiketi. Kila Jumamosi mzee alinunua tiketi moja ya bahati nasibu, moja tu, akaitia mfuko wa ndani wa koti, na tiketi ikawa inalala anakolala yeye. Wiki ya Kibera ililala kwangu. Wiki ya Kawangware ililala kwako, kule mtaani kwenu Kongo. Alihama Jumapili baada ya kanisa, na tiketi ikahama naye kama mtoto wa kunyonya. Namba yake hakukubali itazamwe. Alisema kuikodolea namba macho ni kuichosha bahati, kwa hiyo hakuijua hata yeye mwenyewe mpaka Jumatano, siku ya matokeo, alipoitoa na kuipeleka kwa mwenye gazeti.

Kwangu, tulikula ugali na hizo pesa. Namaanisha tulizila kwa mdomo. Mzee akishamaliza kunawa mikono alianza, "Tukishinda," na mimi nikaacha chungu nikaja kuketi karibu. Tukishinda ningeacha samaki kabisa. Ningekuwa na viti vya kuzamia, vile ambavyo mgeni akikaa huwezi kumtoa bila kumvuta mkono. Ningekuwa na friji, hata kama stima haikuwepo. Ningeweka vikombe ndani. Na ningekuwa na kitanda cha mvule, tano kwa sita, chenye kioo kichwani. Nilikipenda kitanda hicho, Akeyo. Nilikuwa nimeshakitandika.

Kisha ukaja ile Jumamosi kunisuka. Huenda umeisahau. Ulikuja na kitana chako na lile pakiti la nyuzi nyeusi, ukanikalisha chini kwenye gunia, kichwa changu katikati ya magoti yako. Nakiri mikono yako ilikuwa mizuri, na hakuna aliyewahi kunisuka hivyo, kabla wala baada. Tulikuwa tunacheka habari za mzee, jinsi anavyokoroma kwa noti mbili tofauti. Ndipo ukasema, bila ubaya wowote, kwamba akishinda atakufungulia saluni yenye mashine ya kukausha nywele, na atakununulia kitanda.

Nikauliza kitanda gani.

"Cha mvule," ukasema. "Sita kwa sita."

Ukaniuliza kama nyuzi zinavuta sana, nikasema ndiyo, zinavuta. Lakini moyoni nilikuwa nimeshika rula. Mimi niliyeolewa kwanza, niliyemzalia Atieno na wenzake wanne, niliyelala naye kwenye karatasi ya nailoni alipokuwa hana hata nyundo, mimi tano kwa sita. Na wewe uliyekuja juzi na kitana, sita kwa sita. Kitanda chako ambacho hakikuwepo kilikuwa kikubwa kuliko changu ambacho hakikuwepo. Ulipoondoka nilimnunia mzee kutwa nzima, na maskini hakujua kosa lake. Nitamwambiaje mtu kwamba nimekasirishwa na futi moja ya mbao isiyokuwepo?

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kuhama. Nilikuwa nampigia koti brashi kabla ya kanisa, na mkono ukaingia mfuko wa ndani. Nausingizia mkono, lakini ni mimi. Nilifikiri, ikishinda ikiwa Kongo, itaangukia kile kitanda kikubwa. Wacha ilale huku hata wiki moja. Nikaichomeka kwenye jalada la kitabu changu cha nyimbo, nikaenda nacho kanisani, nikaimba kwa sauti.

Yaliyofuata unayajua upande wako. Jumatatu ulifua koti. Jumatano mzee akatia mkono mfukoni akakuta mfuko mtupu. Jioni hiyo redio ikasema tiketi iliyoshinda iliuzwa Nairobi na mwenyewe hajajitokeza. Akeyo, tiketi iliyopotea haijawahi kushindwa. Ile ya mzee ingekuwa mkononi mwake ingekuwa karatasi kama nyingine zote, lakini kwa vile ilipotea, na namba hakuna aliyeijua, basi ndiyo hiyo hiyo iliyotajwa redioni. Kufikia Ijumaa Raila yote ilijua, na Kongo yote ilijua, na wanawake wa ploti yako wakaanza kukuita Mama Milioni ukienda kuteka maji.

Ulikuja kwangu kwa miguu kutoka Kawangware, na vumbi lilikuwa limekufika magotini. Hukukaa nilipokuonyesha kiti. Ulisimama mlangoni na mikono yako imenyauka kwa sabuni, kana kwamba ulikuwa bado unafua, ukasema, "Mama Atieno, nimefua nyumba yako. Nimefua shule ya watoto wako."

Kitabu cha nyimbo kilikuwa juu ya sanduku. Ungenyoosha mkono ungekigusa.

Nami nilikujibu, "Mungu atakusamehe."

Nimeyasikia maneno hayo yangu mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara nashangaa yule mama alivyokuwa na sauti ya upole. Kilicho kibaya zaidi ni kwamba nilikuwa najua. Mimi hufungia samaki kwa magazeti, na gazeti la Jumatano lile lilikuwa limeshaniangukia mikononi pamoja na mengine ya zamani. Nilikuwa nimelinganisha namba nje kwenye mwanga, mara tatu. Hatukushinda. Hatukukaribia hata kushinda. Ulikuwa unalia kwa ajili ya utajiri ambao mimi peke yangu, Nairobi nzima, nilijua kwamba haukuwa wetu. Ningeitoa tiketi ungenyamaza, lakini ungeniuliza niliitoa wapi. Na mzee alikuwa amekataa kuhamia kwako wiki mbili mfululizo. Nilikuwa naye, Akeyo. Sitakudanganya kwamba sikufurahi.

Ulipopanda basi kurudi kwa baba yako, nilijiambia yamekwisha. Ama kweli mimi ni mjinga wa kupimwa kwa debe.

Mzee hakununua tiketi tena, ila zile pesa "zetu" hakuacha kuzitumia. Kila jioni anajenga. Miezi ya kwanza alinijengea mimi. Kisha taratibu, bila yeye mwenyewe kujua, akaanza kuhama. "Tungekuwa nazo," akawa anasema, "Akeyo angekuwa na saluni yake sasa." Halafu ikawa chapati zako. Halafu jinsi ulivyokuwa ukicheka. Siku moja alikula samaki wangu, akalamba vidole, akapumua akasema wewe ulikuwa na mkono mwepesi wa chumvi. Ulipokuwa Kongo ulikuwa na makosa yako kama sisi sote. Uliunguza maharagwe, ulikasirika, ulichelewa. Ukiwa mbali hukosei hata kidogo. Nilidhani nimekuondoa mezani, kumbe nimekukalisha kati yetu, na huzeeki, na hunuki samaki.

Kwa hiyo usidhani ni wokovu. Mchungaji alijaribu miaka yote hii hakuweza. Ni wivu ulionifanya nifiche, na ni wivu ulionifanya niseme. Nimeona ni heri niwe na mke mwenza mwenye makosa Kawangware kuliko malaika aliye kwao.

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, nilimwekea mzee tiketi mapajani pamoja na kipande cha gazeti lile la Jumatano, nilichokuwa nimekihifadhi. Nilimweleza yote, hata habari ya kitanda. Alizitazama namba muda mrefu, akifuata kwa kidole kilichojaa makovu ya bati. Nilisubiri anipige au anicheke.

"Kwa hivyo hatukushinda," akasema.

Nikamwambia hapana, hatukushinda.

Aliinamisha kichwa, nami nikamwonea huruma, maana nilikuwa nimemnyang'anya jioni zake zote kwa dakika moja. Kisha akanitazama. "Na ulimwacha alie," akasema. Tangu hapo nikimsemesha hunijibu kwa kichwa tu.

Jana akaniuliza kama lile shati lake jeupe ni safi. Kesho anapanda basi kuja kwenu, kuongea na baba yako na kukuomba radhi, na barua hii ataibeba yeye. Nimemwambia ile aibu ya Kongo ataitoa nani: ukirudi, mimi mwenyewe nitakusindikiza mpaka kwenye bomba la maji, na nitawaambia wale wanawake nani alificha nini. Nitaona aibu. Nitakuwa nimeitafuta.

Rudi, Akeyo. Sikuombi kwa sababu nimekuwa mwema. Ukirudi bado nitahesabu siku zako naye, na bado nitachungulia kikapu anachokuletea. Wivu wenyewe upo, mzima, unakula vizuri. Leo asubuhi nimempigia shati hilo pasi ya makaa, nikiwaza anakokwenda nalo, na mkono ukakaa mahali pamoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ukiona alama ya kahawia chini ya ukosi, usimuulize yeye wala usijiulize wewe. Ni mimi, na safari hii nakuambia mapema.

Mwenzako katika nyumba moja,
Mama Atieno, wa Kibera