Treni Inayopeleka Uji

Mlowo, 9 Machi 2024

Mume wangu Ipyana,

Hujambo huko Kitwe? Unakula, au unaonja? Sisi wazima. Magoti yangu yanalia mvua ikikaribia, lakini mdomo haujaumwa, kwa hiyo sikiliza. Anayeniandikia ni Rozi, fundi cherehani jirani yetu. Simu siitaki, nikianza kukugombeza unasema mtandao umekata. Jonasi atakuletea barua hii na lori lake akishavuka mpaka wa Tunduma.

Kwanza, hiyo treni yako. Ulikuja likizo ukasema unamjengea mkeo kitu cha kumchangamsha. Mke anachangamshwa kwa kitenge! Wewe umezungusha reli uani kwangu, kutoka mlango wa jiko, nyuma ya migomba, mpaka barazani, na daraja juu ya mfereji. Kuku wanalala kwenye mabehewa yako ya madebe. Wapita njia wanachungulia na kuniuliza nauli.

Pili, na hili ndilo linaloniuma: mkeo mdogo, Tumpe, amefunga begi. Baba yako tangu avunjike mguu anashinda barazani. Nawe unaujua ukoo wetu: mke wa mwana haonani uso kwa uso na baba mkwe, wala hawasemeshani, mpaka baba mkwe ampe kitu kwa mkono wake mwenyewe. Huyo Alinanuswe wako hajatoa hata sindano. Basi mtoto wa watu anajificha jikoni kutwa, akitaka kwenda dukani anaruka ua kama mwizi. Anapika yeye, napeleka mimi. Nikiwa shambani kwenye kahawa, mwanangu anakaa na njaa na sufuria imejaa jikoni.

Jana ameniambia, "Bibi, bora nirudi kwetu Ileje. Hapa nimeolewa na jiko." Nimemwomba angoje jibu lako. Jibu upesi, la sivyo nang'oa reli zote nampa mtu wa vyuma chakavu.

Bibi yako, anayekupenda kuliko unavyostahili.


Kitwe, 24 Machi 2024

Bibi, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Pole na magoti. Jonasi anakuletea dawa ya kuchua. Mimi mzima ila nina wasiwasi. Karakana imejaa kazi, ruhusa sipati mpaka Julai.

Usiing'oe treni. Umeandika mwenyewe: reli zinaanzia jikoni na kuishia barazani. Behewa la nyuma nililikata bapa, sufuria inakaa. Injini ina mota ya waipa ya gari na betri ya pikipiki, Tumpe anajua kuichaji kwa sola. Abonyeze swichi ya jikoni, chakula kinakwenda. Baba akishakula ageuze kijiti kilichopo kwenye injini, vyombo vinarudi. Hakuna aliyemwona mwenzake, na mila haijaguswa.

Mwambie Tumpe anivumilie. Na Baba, mwambie wewe. Mimi namwogopa.

Mjukuu wako, mumeo,
Ipyana


Mlowo, 20 Aprili 2024

Mume wangu mwoga,

Habari za kazi? Dawa imefika, inanuka kama dizeli, lakini nimelala vizuri. Rozi anakusalimu.

Tumeanza. Asubuhi ya kwanza treni ilipeleka uji. Alinanuswe akasema yeye si mtu wa kulishwa na madebe, akaurudisha. Mchana njaa ikamfundisha adabu, viazi akamaliza vyote.

Kisha ikaja balaa. Treni ilipinduka na uji wa moto pale barazani, ikaukosa kwa bahati tu ule mguu wa baba yako usiovunjika. Mimi niko shambani. Kumwita mkwe wake hawezi, basi akaigombeza treni kwa sauti: "Wewe treni, umelewa? Mwambie aliyekutuma harufu ya uji wake ni nzuri, alete mwingine!"

Tumpe akajibu kutoka jikoni: "Treni, mwambie mheshimiwa kwanza asogeze mguu!"

Rozi aliyasikia kupitia ua, nusura ajishone kidole. Tangu hapo hawanyamazi. "Treni, chumvi imezidi." "Treni, muulize anayelalamika kama kesho atapika yeye." Mzee wa kanisa Fanueli alikuja kumwombea mgonjwa, akamkuta anabishana na behewa. Akaongeza maombi.

Lakini treni inaanguka kila siku, hasa kwenye kona ya migomba. Tumpe amesema ikija kumuunguza mkwewe, yeye ataondoka kwa aibu kabla hajafukuzwa. Begi bado liko mlangoni. Mimi nimefanya sehemu yangu: kila asubuhi nafagia. Ule uchafu wote wa kokoto uliomwaga chini ya reli nimeutoa, uwanja unang'aa. Sasa tatizo ni nini?

Bibi yako.


Kitwe, 5 Mei 2024

Bibi yangu msafi,

Shikamoo. Afya yangu njema, mbavu tu zinauma kwa kucheka.

Bibi, umeifagia treni mpaka umeiua! Hizo kokoto ndizo zinazoshika mataruma, yale magogo ya chini ya reli, yasicheze, na maji ya mvua yapite chini. Bila hizo reli zinakaa kwenye tope. Zirudishe, uzishindilie, na pale kwenye kona reli ya nje iinuke kidogo kuliko ya ndani. Halafu fagia kwingine kote, hata barabara kuu.

Nakuomba unijibu upesi kuhusu begi.

Mumeo,
Ipyana


Mlowo, 16 Juni 2024

Mume wetu,

Mwandiko huu unaujua, kwa hiyo teremsha moyo. Rozi amepumzika, leo anaandika mke mwenzangu.

Kokoto nimezirudisha kwa uchungu. Uani kwangu sasa kuna uchafu unaoitwa ufundi.

Jumamosi ya tarehe 8 nilikuwa naanika kahawa. Baba yako ametolewa plasta, anatembea na fimbo. Akamkamata yule kuku mweupe, akamfunga miguu kwa kamba ya mgomba, akamlaza kwenye behewa bapa na kuifunga kamba hapo. Nikaelewa. Nikamwambia, "Wee Alinanuswe! Kitu kinatolewa kwa mkono, si kwa treni!"

Akanijibu, "Mama, naona haya." Mwanamume mwenye mvi!

Akageuza kijiti. Treni ilipofika kwenye migomba kuku akachomoa mguu mmoja. Akaruka na behewa nyuma yake, treni nzima ikatoka relini ikimfuata, madebe yanalia kama harusi, akageuka kuelekea barazani. Tumpe akatoka jikoni mbio. Hakufikiria mkwe, alifikiria kuku. Alinanuswe naye akatupa fimbo, akainama. Wakamkamata pamoja, huyu mabawa, yule miguu. Wakainua vichwa.

Tumpe alitaka kujifunika uso, lakini mikono imejaa kuku.

Baba yako akasema taratibu, "Mshike vizuri, mwanangu. Ni wako." Akaachia.

Mwandishi wangu hapa analia, anasema hili nisiliseme. Andika!

Sasa wako uani kutwa, wananyoosha mabehewa kwa nyundo na kubishana uso kwa uso, bila treni katikati. Kelele! Walipokuwa wanafichana nilikuwa na amani.

Bibi yako.

Nami naongeza langu: kuku hatumchinji mpaka uje. Amekwisha kutaga kwenye behewa la mbele.
Mkeo, Tumpe